Ramu yenye Viungo: Moto wa Pipa, Karafuu na Ukoo wa Bacardí

Chupa ya ramu yenye viungo huja na madai matatu. La kwanza, kwamba ni ramu. La pili, kwamba imelala ndani ya mapipa ya mwaloni yaliyochomwa moto kwa ndani. La tatu, kwamba nyuma yake upo ukoo wa zamani uliorithishana ufundi wake tangu babu hadi kitukuu. Bacardi, ambayo huuza ramu ya namna hii sambamba na ile nyeupe iliyoipatia umaarufu, huyatoa yote matatu, na popo mweusi kwenye lebo huyatia muhuri.

Hakuna dai hata moja kati ya hayo lililo uongo mtupu. Ila yamesukwa pamoja kiasi kwamba mtu hajui ladha ipi imetoka kwenye mti, ipi imemiminwa baadaye, na huo urithi unaotajwa ni wa nani hasa. Kuyafumua kuna faida hata kwa asiyegusa pombe maishani mwake, maana ukivuta uzi mmoja unafika Pemba kwenye karafuu, na ukivuta mwingine unafika kwa watu waliopakiwa melini kutoka pwani ya Msumbiji.

Kimiminika chenyewe hakina fumbo kubwa. Miwa ikikamuliwa, na juisi yake ikachemshwa hadi sukari igande chembechembe, hubaki uji mzito mweusi ambao hautoi tena sukari kwa faida. Hiyo ni molasi, ile ile inayochanganywa kwenye chakula cha ng'ombe. Ikitiwa maji na hamira huchacha, na baada ya siku chache hugeuka pombe hafifu. Pombe hiyo huchemshwa, mvuke wake ukapoozwa na kukusanywa, na kinachotiririka upande wa pili ni kileo kikali kisicho na rangi. Bacardi hutengeneza vileo viwili tofauti: kimoja kizito chenye harufu nyingi, kiitwacho aguardiente kwa Kihispania, na kingine chepesi kilichokenekwa zaidi. Huvichanganya kwa vipimo. Wepesi huo ndio uliowatofautisha na ramu nzito za Jamaika tangu mwanzo.

Kazi iliyobaki ni ya pipa, na hapa ndipo pa kukaa kidogo.

Mapipa mengi ya ramu ya Karibi hayakuundwa kwa ajili ya ramu. Yaliundwa Marekani, hasa Kentucky na Missouri, kwa ajili ya whiskey ya bourbon. Sheria ya huko inataka bourbon iwekwe kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa ndani, kwa hiyo pipa likishatumika mara moja haliwezi kupokea bourbon tena. Halitupwi. Huuzwa Scotland kwa watengenezaji wa whisky, Mexico kwa watengenezaji wa tequila, na visiwani kwa watu wa ramu. Pipa la kawaida hubeba takriban lita 200, na linaweza kuendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya mwenyewe wa kwanza kuliacha.

Namna linavyochomwa ni hivi. Fundi hupanga mbao za mwaloni mweupe ndani ya pete ya chuma, huzipasha joto hadi zikubali kupinda, kisha huliweka pipa hilo lililo wazi juu na chini kwenye moto mkali, ndimi zikapanda ndani yake. Kuna viwango vinne vinavyotambulika. Cha kwanza huchukua kama sekunde 15. Cha nne, kama sekunde 55. Kwenye kiwango hicho cha nne ukuta wa ndani hupasuka magamba magamba, na mafundi wa Marekani wameuita ngozi ya mamba.

Mtu aliyekulia kwa Wakalenjin ataelewa haraka kuliko wengi. Kibuyu cha mursik husuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet kabla ya maziwa kutiwa, na makaa hayo ndiyo yanayoyapa maziwa ile rangi ya kijivujivu na ladha isiyopatikana kwenye chombo kingine. Chombo kinaunguzwa ili kibadilishe kitakachokaa ndani yake. Wazo ni moja, ingawa miti ni mbali na mbali.

Ukilikata pipa lililochomwa na kutazama ubao wake kwa upande, utaona matabaka matatu. La ndani kabisa ni makaa yenyewe, unene wa milimita chache. Hayo hayaongezi ladha kwa wingi kama watu wanavyodhani. Kazi yake kubwa ni kunyonya, hasa misombo ya salfa inayokipa kileo kibichi harufu mbaya. Nyuma ya makaa kuna tabaka jekundu, ambalo joto lililifikia bila kuliteketeza. Huko ndiko kuliko na utajiri. Nyuma yake tena ni ubao mbichi wenye tanini zinazokausha ulimi, na misombo mingine inayonukia nazi.

Mwaloni, kama miti mingine, umejengwa kwa selulosi, hemiselulosi na lignini. Hemiselulosi ikipata moto huvunjika kuwa sukari, na sukari hizo huungua taratibu zikawa karameli. Lignini, ile gundi inayoufanya mti usimame, huvunjika vipande vyenye harufu. Kimojawapo ni vanilini. Kingine ni yujenoli.

Majina haya mawili ndiyo moyo wa jambo lote. Vanilini inayotoka kwenye ubao uliopata moto ni molekuli ile ile iliyo kwenye maganda ya vanila yanayolimwa Madagaska, Komoro, Uganda na mkoani Kagera. Haifanani tu, ni ile ile. Na yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, kwa kawaida zaidi ya asilimia 70. Aliyewahi kupita karibu na kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, pale Wawi, Pemba, ameivuta yujenoli kwa pua yake. Kumbe pipa lililochomwa Kentucky, ambalo halijawahi kusogelea Zanzibar, hutoa lenyewe chembe za karafuu na vanila na kuziachia kwenye kileo.

Uhusiano huo haukuishia kwenye mapipa. Mwaka 1874 wanakemia wa Kijerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walifanikiwa kutengeneza vanilini maabara wakitumia kitu kilichotoka kwenye mti wa msonobari. Baadaye viwanda vikaona njia nafuu zaidi: kuchukua yujenoli ya mafuta ya karafuu na kuigeuza vanilini. Kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya vanila bandia duniani ilianzia kwenye karafuu. Miaka ya 1930 njia hiyo ikapitwa na nyingine, ya kutumia lignini iliyo kwenye mabaki ya viwanda vya karatasi. Yaani wakarudi kwenye mti. Karafuu, vanila na mbao ni ndugu wa damu kwa mwanakemia, na ndiyo maana viungo vinakubaliana na ramu ya pipa bila kulazimishwa. Mtengenezaji anapotia vanila na karafuu ndani ya ramu iliyokaa kwenye mwaloni, anaikuza sauti ambayo tayari imo humo, ikiwa ndogo.

Kwa nini basi aikuze, badala ya kusubiri pipa lifanye kazi yake? Sababu ni muda, na muda ni fedha. Pipa ambalo limeshatoa nguvu zake za kwanza kwa bourbon linatoa vanilini polepole zaidi. Halafu kuna hali ya hewa. Mchana wa Karibi kileo hutanuka na kuingia ndani ya ubao. Usiku hupungua na kutoka kikiwa kimebeba ladha. Joto huharakisha kuiva, lakini pia hukausha. Scotland hupoteza kama asilimia 2 ya whisky kwa mwaka kwa njia ya mvuke. Visiwani kiwango hicho hufika asilimia 6 na kuzidi. Pipa likiachwa miaka 10 kwenye joto lile, anayelifungua anakuta sehemu kubwa imeshakwenda zake hewani. Ramu ya bei ya kawaida haiwezi kubeba hasara hiyo. Kwa hiyo hukaa muda mfupi, na viungo hukamilisha kile ambacho miaka haikupewa nafasi ya kukifanya.

Sioni aibu yoyote katika hilo. Watu wa visiwani walitia mdalasini, kungumanga na maganda ya matunda kwenye ramu kali muda mrefu kabla ya kampuni yoyote kufikiria kuiweka dukani, na walifanya hivyo kwa sababu nzuri: ramu ya zamani ilikuwa chungu. Kinachonisumbua ni pale tangazo linapomfanya mnunuzi aamini kwamba rangi ile ya dhahabu iliyokolea na utamu ule wa vanila ni kazi ya pipa pekee. Rangi ya karameli inaruhusiwa kuongezwa, na huongezwa sana. Maneno "mapipa yaliyochomwa" yanaweza kuwa kweli kabisa hata kama pipa hilo lilichomwa kwa ajili ya kinywaji kingine, miaka mingi iliyopita.

Sheria inasaidia kidogo kwa anayejua pa kutazama. Umoja wa Ulaya unataka ramu iwe na kileo kisichopungua asilimia 37.5, na unakataza kabisa isitiwe ladha ya kitu kingine. Ramu yenye viungo ya Bacardi ina asilimia 35, na ile ya chapa nyingine, Captain Morgan, nayo ni 35. Ndiyo sababu huko Ulaya chupa hizi haziuzwi kisheria kama ramu; lebo husema ni kinywaji kikali kilichotengenezwa kwa ramu. Marekani huruhusu ramu yenye ladha hadi ishuke asilimia 30, mradi lebo iseme kwamba imeongezwa ladha. Puerto Rico, inakotengenezwa sehemu kubwa ya ramu ya Bacardi, ina kanuni yake inayoheshimika: ramu ya kisiwa lazima ikae kwenye mwaloni mweupe angalau mwaka mmoja. Mwaka mmoja si mwingi. Lakini ni mwaka halisi.

Sasa ukoo.

Facundo Bacardí Massó alizaliwa Sitges, mji wa pwani ya Catalonia, akavuka bahari mwaka 1830 akiwa kijana na kufika Santiago de Cuba, mashariki ya kisiwa. Alikuwa mfanyabiashara wa duka la bidhaa. Tetemeko la ardhi la 1852 na kipindupindu vikaupiga mji ule, na biashara yake ikafilisika katika miaka hiyo. Tarehe 4 Februari 1862 akaanza upya kwa kiwanda kidogo chenye paa la bati, ambamo popo walikuwa wamejaa kwenye dari. Mkewe, Amalia Moreau, ndiye anayetajwa kuwa alipendekeza popo awe alama ya ramu yao, jambo la maana katika mji ambao wateja wengi hawakujua kusoma: waliomba ramu ya popo.

Ufundi wa Facundo ulihusu makaa. Alikichuja kileo kwenye makaa kukiondolea ukali, akakilaza kwenye mwaloni, na akaichunga sana aina moja ya hamira ambayo kampuni inasema bado inaitumia. Matokeo yake yalikuwa ramu laini, isiyofanana na ile iliyokuwa ikinywewa na mabaharia. Hapa dai la urithi lina miguu ya kusimamia. Ramu ya leo yenye viungo ina uhusiano wa kweli na kiwanda kile cha 1862, kupitia makaa ya kuchujia na mwaloni wa kulaza. Viungo havimo katika urithi huo. Ukoo ulijijengea jina kwa kuondoa ladha kali, wala si kwa kuongeza. Hayo ya viungo yalikuja miaka mingi baadaye, soko lilipoyataka.

Ila kuna watu ambao hadithi ya lebo haiwataji. Mwaka 1862 utumwa ulikuwa halali Cuba. Molasi iliyoingia kwenye kiwanda cha Facundo ilitoka kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na miaka hiyo ya 1860 meli za magendo zilikuwa bado zinashusha watu kisiwani. Kwa jumla Cuba ilipokea Waafrika zaidi ya 700,000. Wengi walitoka Afrika ya magharibi na Kongo, lakini si wote. Kumbukumbu za Cuba zinawataja watu walioitwa Macuá, jina lililowekwa kwa waliochukuliwa kutoka pwani ya Msumbiji, nchi ya Wamakua ambao jamaa zao wako hadi leo Masasi na Mtwara. Na katika zama hizo hizo, Unguja na Pemba, mikarafuu ilikuwa ikipandwa na kuchumwa na watumwa waliotolewa bara. Miwa ya upande ule na karafuu ya upande huu, vitu viwili vinavyokutana ndani ya chupa moja, vilikuzwa kwa jasho la aina moja. Utumwa ulikomeshwa Cuba mwaka 1886, mwaka ule ule alipofariki Facundo; Zanzibar amri ilitoka 1897. Mtu akiniambia habari za urithi wa ramu, nategemea kuyasikia haya pia.

Kwa haki, ukoo wenyewe haukuwa kimya mbele ya siasa za zama zake. Tarehe 10 Oktoba 1868 Carlos Manuel de Céspedes, mwenye kinu cha miwa mashariki ya Cuba, aliwaachia huru watumwa wake na kutangaza vita dhidi ya Hispania. Emilio Bacardí, mtoto wa Facundo, akawa upande wa wapigania uhuru. Wahispania walimfunga na kumpeleka uhamishoni mara mbili, mara ya kwanza kwenye visiwa vya Chafarinas karibu na pwani ya Moroko. Hispania iliposhindwa, akawa meya wa Santiago. Alianzisha jumba la makumbusho la mji, ambalo lipo hadi leo, na mwaka 1912 alilinunulia mumia, maiti ya kale iliyokaushwa, kutoka Misri. Aliandika pia historia ya mji wake kwa juzuu kadhaa. Kati ya wote wa ukoo huo, huyu ndiye ninayemheshimu zaidi.

Biashara nayo ilitanuka. Mwaka 1910 walianza kuweka ramu kwenye chupa huko Barcelona. Marekani ilipopiga marufuku pombe kati ya 1920 na 1933, Wamarekani walimiminika Havana kunywa. Mwaka 1931 kampuni ikaingia Mexico, na 1936 ikaingia Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, ambako ramu ingeingia soko la Marekani bila ushuru wa bidhaa za kigeni. Uamuzi huo wa kibiashara ndio ulioiokoa baadaye.

Maana Fidel Castro alipokuwa milimani akipigana na Batista, mtawala wa Cuba wakati huo, ukoo wa Bacardí ulimuunga mkono, kama walivyofanya matajiri wengi wa Santiago. Castro akashinda, na Oktoba 1960 serikali yake ikataifisha mali zao zote nchini. Walipoteza viwanda, maghala na mapipa yaliyojaa. Hawakupoteza jina, kwa sababu José Bosch, aliyekuwa akiongoza kampuni, alikuwa ameshazihamishia alama za biashara nje ya Cuba. Mitambo ya Mexico na Puerto Rico iliendelea kufanya kazi siku ya pili yake, na makao makuu yakaishia Bermuda. Kule Santiago, wafanyakazi waliobaki waliendelea kutengeneza ramu kwenye kiwanda kile kile, kwa majina mengine.

Basi urithi ulikwenda na nani? Na ukoo ulioondoka na jina, hamira na vipimo, au na mafundi waliobaki na majengo, mapipa na mikono iliyozoea kazi? Mimi naona uligawanyika, na kwamba kila upande unaoudai wote unajipunja ukweli. Mahakama zimekuwa na kazi kubwa zaidi kwa sababu ya jina jingine, Havana Club. Hilo lilikuwa la ukoo wa Arechabala wa mji wa Cárdenas, ulioanza kulitumia 1934, nao pia wakanyang'anywa 1960. Usajili wao Marekani ulikoma 1973 kwa kutohuishwa. Shirika la serikali ya Cuba likalisajili huko 1976, kisha 1993 likaungana na kampuni ya vinywaji ya Pernod Ricard ya Ufaransa kuliuza duniani. Bacardi, kwa upande wake, ilinunua madai ya Waarechabala miaka ya 1990. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kilichoizuia Cuba kutetea alama za mali zilizotaifishwa. Mwaka 2016 ofisi ya alama za biashara ikahuisha usajili wa Cuba hata hivyo. Na Desemba 2024 Rais Biden akatia saini sheria inayozuia alama za namna hiyo kutambuliwa bila idhini ya mwenyewe wa awali. Na mabishano yakiendelea, katika miaka ya karibuni aliyenunua Havana Club mjini Paris alipewa ramu iliyotengenezwa Cuba na Wacuba, na aliyeinunua Florida akapewa ya Bacardi, iliyotengenezwa Puerto Rico.